Kipimo cha Miezi Mitatu

Mdogo wangu,

Hapa sote wazima. Paa la jikoni limezibwa, na wifi yako bado hajaachana na cherehani yake.

Jana nilikwenda tena kupima sukari. Mara ya kwanza, kama nilivyokuhadithia, nilijinyima vitamu siku tatu nikaingia kliniki kifua mbele. Muuguzi akacheka. "Mzee, kipimo hiki kinasoma miezi mitatu nyuma. Kwa siku tatu umemdanganya nani?"

Wifi yako, aliyekuwa amenisindikiza, akadakia, "Muulize na biskuti za kwenye kabati la viatu!"

Nilikoma. Tangu siku hiyo naenda kazini kwa miguu, chai nanywa bila sukari, na kila matokeo nayaandika kwenye daftari nililolitundika nyuma ya mlango wa jikoni. Nilianza na tisa. Jana ilikuwa sita na nusu. Muuguzi yuleyule akanipa mkono.

"Hongera, mzee. Na kabati la viatu je?"

"Lina viatu," nikamjibu.

Kwenye simu ulisema siku hizi kiu haikuishi, na kidonda cha kidole hakifungi, ukalaumu viatu. Mama naye alilaumu viatu, mpaka siku walipomkata mguu.

Daftarini nimechora safu ya pili, juu yake nimeandika jina lako. Kapime wiki hii, kisha unitumie namba, hata iwe mbaya kiasi gani. Na usijinyime kwanza.

Ni mimi kaka yako, ninayesubiri na kalamu mkononi.