Chupa Niliyomnyima Yudithi

Mdogo wangu Salome,

Shikamoo yako imenifikia huku pwani, nami nimeiitikia kwa sauti, peke yangu chumbani. Hamjambo hapo Ilongero? Mmeshazoea nyumba za kijiji kipya? Mimi napumua, ingawa suruali zote sasa zinanipwaya.

Umeandika kwamba binti yako Yudithi ametoka hospitali, jeraha la titi limefunga, na juzi umemkuta anatwanga uwele. Nimeyasoma maneno hayo hadi karatasi imelegea. Mungu ashukuriwe.

Sasa naweza kukujibu. Nilipowaletea telegramu kwamba msingoje dawa yangu, mpelekeni akapasuliwe, uliniandikia kwa hasira: "Angekuwa mwanao, kaka, ungemnyima?" Neno hilo limelala nami tangu siku ile.

Dawa yenyewe tunayoitafuta hapa maabara ni hii. Katika tope la chini ya bahari wanaishi bakteria, viumbe wasioonekana kwa macho. Mwanzoni niliwalisha kwa maji ya bomba, baada ya kuliondolea tope chumvi yote, kama mama alivyochuja udongo wa ziwani kupata chumvi. Hakikuota kitu. Ulipokuja kunitembelea ulinicheka: "Kaka, umesahau? Hata ng'ombe wa baba walikuwa wakigoma wasipolamba chumvi!" Nikawarudishia maji ya bahari. Wakaota, wakatoa majimaji ya njano yaliyozuia chembe za saratani zisiongezeke. Lakini ni ndani ya kioo tu, Salome. Panya tuliowapa walikufa kabla ya uvimbe wao kusinyaa.

Na hili sijamwambia mtu wa nyumbani. Mimi pia ninao ugonjwa huo wa saratani. Umeshika ini, na kwa daktari nilichelewa kufika. Chupa ya majimaji yale ilikuwa kabatini, ufunguo mfukoni mwangu. Siku moja niliifungua, nikainusa. Nikamkumbuka Yudithi, nikaifunga.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo. Angekuwa mwanangu ningemnyima, maana hata nafsi yangu nimeinyima.

Ufunguo nimewakabidhi wenzangu wa maabara. Wao wana umri wa kungoja. Huenda siku moja ikawa dawa kweli. Mimi nimetua mzigo, na usingizi umerudi.

Msalimie shemeji. Asiuze fahali kwa nauli ya kuja kunizika. Udongo wa huku nao ni wa Mungu. Shangazi yetu mpe shikamoo yangu. Yudithi mwambie aupumzishe mkono wa upande uliopasuliwa, mchi ashike mtu mwingine.

Ni mimi kaka yako niliyekucheleweshea jibu,
Elia