Sanduku la Barafu Kwenye Kivuko cha Pangani

Ushongo, Pangani

Kwa kaka yangu mpenzi Nasri,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kwamba joto la Mtwara halijakuonea. Sisi huku hatujambo. Kifua cha Mama kimepona, na tangu juzi anaimba jikoni. Haya ningeweza kukueleza kwa simu, lakini nataka uyasome ukiwa umekaa.

Ulisikia kwamba Mjomba Kombo alikamatwa. Kiongozi wa doria yetu ya pwani, mtu anayewachukia wapiga baruti kuliko nyoka, amekutwa na baruti stoo kwake! Tuliokula nao Idi wakaanza kutupita bila salamu. Mjomba alisema aliyeiweka ndiye huyo huyo anayewapasha habari wavuvi haramu, maana kila doria ikienda huku, baruti hulia kule. Hakuna aliyemsikiliza.

Mimi na Ritha, yule binti wa mpishi wa hoteli, tukaamua kumtafuta wenyewe. Stoo ile walikuwa wakiingia watu wawili tu: Shekhe mwenye duka, na dereva wa gari la barafu ya samaki. Mimi nikamwambia dereva, kama mtoto aliyeropoka, kwamba kesho doria itakwenda Mkwaja. Ritha akamwambia Shekhe kwamba itakwenda kisiwani Maziwe. Kumbe doria haikutoka kabisa. Kesho yake tulikaa ufukweni, masikio wazi. Mlipuko ukatoka Maziwe. Ritha akanibana mkono mpaka nikagumia. Ni dereva! Yeye ndiye aliyedhani doria iko Mkwaja.

Tukaenda kituoni Pangani kwa Afande Anastazia. Hakutucheka. Alisema dhana haimfungi mtu, tumpelekee kitu anachoweza kukishika.

Alhamisi, tukitoka kumpelekea Mjomba chakula, tukaliona gari la barafu limeegeshwa sokoni, dereva anakunywa kahawa. Nikapanda nyuma. Sanduku la kwanza lilikuwa tupu. Katika la pili nilichimba barafu mpaka vidole vikafa ganzi, nikagusa mfuko wa nailoni, na ndani yake baruti. Mara nikasikia dereva akiaga wenzake. Sikuwa na pa kukimbilia, kaka. Nikajitumbukiza kwenye lile tupu na kufunika mfuniko.

Gari likaondoka nami. Mle ndani mnanuka samaki, pumzi ni ya kuazima, na moyo wangu ulikuwa ukipiga kelele hata nikaogopa atausikia. Nilisoma kila sura niliyofundishwa madrasa. Nilipohisi tunayumba nikajua tuko kwenye kivuko, katikati ya mto. Hapo hawezi kukimbia. Nikaupiga mfuniko teke, nikasimama mbele ya abiria wote na kupiga kelele: "Jamani, gari hili lina baruti!"

Mama mmoja alidhani jini, akamkumbatia mbuzi wake. Dereva akarukia sanduku la pili alitupe mtoni, lakini mkono ukamdaka kwa nyuma. Alikuwa Afande Anastazia! Ritha aliniona nikichukuliwa, akakimbia kituoni, wakawahi kivuko kwa sababu lori la ng'ombe lilikuwa limekwama kwenye kuingia. Dereva mwenyewe akakiri kwamba ndiye aliyeiweka ile baruti ya stoo.

Jioni ile Mjomba alirudi. Vijana walimbeba juu juu tangu barabarani, akina mama wakapiga vigelegele, na Shekhe akagawa soda bure. Mjomba akasema mbele ya watu wote kwamba Samiha na Ritha wataingia kwenye kamati ya doria, anayepinga anyooshe mkono. Hakunyoosha mtu.

Sasa niseme nililolichelewesha. Jina la dereva sikuliandika kwa makusudi, maana ungeiacha barua hapo hapo. Ni Rama, kaka. Rama wako, mliyelala naye mkeka mmoja utotoni, aliyenifundisha kuogelea. Kazi ya barafu aliianza ulipoondoka. Nilipomwuliza kituoni kama ana salamu za kukutumia, aliinamisha kichwa, kisha akasema, "Mwambie yeye alikuwa na dada wa kumzuia, mimi sikuwa na mtu." Nililia usiku ule. Lakini ningepanda tena lile gari, hata kama ningejua ni wewe unayeliendesha.

Mama anakusalimu sana, Mjomba anakwambia uje ule pweza. Bahari imetulia, hatujasikia mlipuko tena.

Mdogo wako akupendaye,
Samiha, wa Kamati ya Doria