Nchi Isiyo na Vyama

Kaka Hamadi,

Salamu na dua kutoka kwenye baridi ya Wembley. Jana binti yangu Zuhura alimleta muuguzi mwenzake wa Tuvalu, visiwa vidogo kuliko vyetu, nikampa urojo. Kwa mazoea yetu nikamuuliza yeye chama gani. Akacheka, Zuhura akatafsiri: "Mama, kwetu hakuna vyama. Tunachagua wabunge tunaowajua, wao wanachagua waziri mkuu. Wakimchoka wanamtoa, na Jumapili tunasali naye."

Nikatukumbuka sisi wa tumbo moja, tulivyonyimana hata mkono wa Idi kwa sababu ya bendera za vyama. Alhamdulillahi, ulikuja kuniaga uwanja wa ndege, na ile kofia ya chama uliiacha nyumbani. Nililiona hilo, kaka. Mungu akulipe.

Idi hii nikirudi, tupike pilau sufuria moja.

Dadako, Mwanaidi