Lindo la Asubuhi ya Idd

Tudor, 10 Februari 2025

Ndugu yangu Badawi,

Salamu nyingi. Sisi wazima, mke wangu Mwikali akusalimu; nawe na mama watoto huko Kuze hamjambo? Nakuandikia kwa kuwa simu, wajua, haimfai kiziwi.

Ombi langu la fidia ya ulemavu limekataliwa. Wanasema bomu lilipolipuka langoni mwa kambi asubuhi ile ya Idd zamu haikuwa yangu, kwa hiyo masikio sikuyapoteza kazini. Daftari la zamu lina jina lako. Rufaa itasikizwa tarehe 12 Machi. Njoo uwaambie tulibadilishana kama desturi yetu: Krismasi ulinishikia lindo, Idd nikakushikia ukasali. Shahidi mwingine sina.

Nduguyo, Barnabas

Kuze, 20 Februari

Ndugu yangu Barnabas,

Baada ya salamu, hatujambo, alhamdulillahi, ila mama watoto magoti yamsumbua. Barua yako nimeisoma mara tatu. Sikatai, ni kweli. Lakini kuacha lindo bila ruhusa ni kosa jeshini, na kazi hii ya ulinzi nimeipata kwa cheti changu cha utumishi mwema. Nikikiri, cheti kitafutwa, na watoto wanne wangali shuleni. Daktari aliyekutibu hawezi kukusemea? Nimewapelekea tende, mle kwa raha.

Nduguyo, Badawi

Tudor, 24 Februari

Badawi,

Hujambo. Tende nimezirudisha kwa mwenye tuktuk yuleyule aliyezileta.

Daktari ajua nilivyoumia. Hajui kwa nini nilikuwa langoni. Hilo twalijua sisi wawili tu. Nimeachishwa kazi mbili kwa kutosikia. Janet wangu amejifungua, na mjukuu akilia namwona mdomo tu. Nimekasirika, sikufichi. Wanasema wema hauozi. Wangu naona umeanza kunuka.

Rufaa ni saa tatu asubuhi. Usipokuja, nisikuone tena.

Nduguyo bado, Barnabas

Tudor, 25 Machi

Ndugu yangu Badawi,

Saumu yaendaje? Mama watoto magoti yamepoa?

Rufaa wameitupa, nami sielewi. Nilikuona umesimama mbele yao, wasema huku wafuta machozi. Mwikali aliambiwa angoje nje, na karani aliniandikia maswali niliyoulizwa mimi tu. Nilipokukumbatia mlangoni nilijua tumeshinda. Sasa barua yao yasema ushahidi hautoshi. Tafadhali niandikie, neno kwa neno, uliwaambia nini. Huenda walinukuu vibaya.

Nduguyo, Barnabas

Kuze, Ijumaa, 28 Machi

Barnabas,

Salamu kwako na kwa Mwikali. Magoti ya mama watoto yamepoa kidogo.

Hawakunukuu vibaya. Waliniuliza nani alikuwa na zamu asubuhi ile. Nikasema, "Sikumbuki." Wakauliza tena, nikasema lilelile, na huku nimefunga. Niliingia pale nimenuia kusema kweli, nikaona watoto wangu wakirudishwa nyumbani kwa kukosa karo, nikaogopa. Naona haya, Barnabas.

Leo nimekula kiapo mbele ya wakili hapa Makadara: lindo lilikuwa langu, nililiacha bila ruhusa, na wewe ulilishika kwa kuombwa nami. Wakili asema kwa ushahidi huu kesi yaweza kufunguliwa upya. Nimekipeleka mwenyewe kwa wale wa rufaa, karani akagonga muhuri. Nakala yako ni hii. Nyingine nimempa mwajiri wangu, naye kaniambia nisirudi kazini.

Idd hii sitakuja kwako. Pale mlangoni uliponikumbatia, nilikwambia sikioni, "Sikukutetea," nikijua husikii. Ukanipigapiga mgongo, ukasema ahsante.

Badawi