Simu Inayomsomea Bhoke Hadithi

Marahaba, mjukuu wangu Rhobi.

Hapa Nyambureti tu wazima, na babu yako amepona mguu. Unauliza kama mwanao Bhoke aachiwe simu inayosoma hadithi, ile ambayo akigusa picha, sungura anaruka.

Utotoni nilikuwa na kigugumizi, nikawa sisemi kwa kuogopa kuchekwa. Siku moja tukipukuchua mahindi, bibi yangu alikatisha hadithi ya sungura aliyokuwa akitusimulia sisi watoto. "Fisi yuko mlangoni! Gati, sungura afanye nini?"

Wenzangu wakataka kujibu. Akawanyamazisha, akaningoja.

"A-a-apande paani!"

Bibi akampandisha kweli! Tukacheka wote, na tangu siku hiyo sijanyamaza.

Mwachie simu, mama, ila kaa naye. Muulize kinachofuata, halafu mngoje ajibu mwenyewe.

Bibi yako, Gati