Tulikohamia Hakuna Maji

Jumatatu, 1 Septemba

Maji tena. Nimetoka na punda alfajiri, nimerudi jua likiwa utosini. Foleni ya kisima cha senta haiishi, na maji yenyewe yana chumvi, hata chai inaharibika. Sukuma wiki nimezimwagia maji ya kuoshea vyombo. Nyingi zimekauka.

Mume wangu, Baba Shiko, amemaliza kuzungusha waya upande wa chini. Sasa shamba lote limefungwa. Alisimama akiziangalia nguzo, akatabasamu peke yake. Kule Othaya tulikotoka alilima kipande cha babake miaka yote na hakuna aliyemwita mwenye shamba. Hapa nje ya Kitengela ni mwenye shamba. Lakini udongo umepasuka. Nikiingiza mkono kwenye ufa unazama hadi kiwiko.

Alhamisi, 4 Septemba

Mama Naserian alikuja. Boma lake liko ng'ambo ya korongo, ndiye jirani wa karibu. Alinisalimia kwa Kimaasai, "Takwenya", nikajibu "Iko" kama alivyonifundisha. Hakuketi. Ng'ombe wake wamezoea kupita kwetu kwenda kwa bwawa, na sasa waya umewazuia. Wanazunguka mbali sana, na wengine hawana nguvu.

"Hii njia ya ng'ombe ilikuwa hapa kabla ya waya yako," alimwambia Baba Shiko. "Fungua kidogo tu. Wapite, wakunywe, warudi."

Baba Shiko alisema hati ya shamba haina njia ya ng'ombe. Mama Naserian aliniangalia mimi. Nikainamisha kichwa. Nimeona aibu siku nzima.

Jumanne, 9 Septemba

Njoki amedhoofika. Ni ng'ombe wa gredi, wa maziwa, tulikuja naye kwa lori kutoka Othaya, alizoea majani ya nepia na baridi. Sasa ni mbavu na tumbo. Tumbo ni ndama, karibu azae. Nyasi za ghala zimeisha. Nimempa mabua makavu, akayanusa akageuka.

Baba Shiko amesema ataenda nyumbani kwao kutafuta nepia, arudi haraka. Alifunga begi kubwa. Nepia haihitaji begi kubwa.

Jumapili, 14 Septemba

Simu yake imezimwa. Sikuenda kanisani. Shiko aliuliza kama Baba amepotea njia. Nilimkaripia, kisha nikajificha jikoni nikalia.

Upepo tu. Vumbi kwenye unga, vumbi kwenye blanketi.

Jumatatu, 15 Septemba

Njoki hasimami.

Nilimkuta amelala ubavu asubuhi. Nilivuta, nikasukuma, nikamchapa na huruma yote imeniisha. Hakuna. Mimi na mtoto wa darasa la pili hatuwezi kuinua ng'ombe.

Nilienda kwa Mama Naserian. Njiani nilitamani asiwepo. Yupo. Nilimwambia Njoki ameanguka na Baba Shiko hayupo. Nilidhani atanikumbusha waya. Aliita tu wakwe zake, wake za wanawe, wakachukua miti miwili mirefu, tukaja. Walipitisha miti chini ya tumbo, mmoja akashika mkia, wakaimba kitu kifupi cha kuvutia pamoja. Njoki akasimama. Miguu ilitetemeka lakini akasimama.

"Kesho ataanguka tena," Mama Naserian alisema. "Kesho tutakuja. Hivi ndio kiangazi. Kila asubuhi unainua."

Walipoondoka nilichukua koleo la Baba Shiko nikakata waya upande wa chini. Nyaya zote. Wa mwisho uliruka ukanichana mkono. Nilipita upande wa pili nikakata huko pia. Niliogopa sana. Nilikata tu.

Jumatano, 17 Septemba

Ng'ombe wao wanapita. Pole pole, wengine wakiegemeana. Wakwe huja kuinua Njoki. Mama Naserian ameleta maganda ya matunda ya mgunga, Njoki anayala. Nimeanza kuwa na tumaini na sipendi. Tumaini linachosha.

Ijumaa, 19 Septemba

Njoki amekufa.

Uchungu ulimshika asubuhi na hakuwa na nguvu ya kusukuma. Mama Naserian alivua shuka, akapaka mkono mafuta ya kupikia, akautia ndani. Mimi nilishika kamba. "Vuta anaposukuma. Akipumzika, pumzika." Tulivuta. Ndama alitoka kama mfuko wa maji, hapumui, tukamsugua na nyasi mpaka akapiga chafya. Jike. Njoki aligeuza kichwa akamramba mara moja, akakilaza chini. Akaenda hivyo.

Nililia kwa sauti mbele ya watu. Kwa ng'ombe. Nilimlilia yeye na Othaya na kila kitu.

Mama Naserian aliniacha nimalize. Halafu akaniambia nilete chupa, ameagiza maziwa ya mbuzi kwake. Mbuzi mwenyewe hana mengi. Ndama amekunywa kidogo.

Jumatano, 24 Septemba

Amerudi. Si na nepia. Amerudi na mtu wa viatu vya kung'aa, aliyetembea shambani akipima kwa hatua na kuuliza barabara kuu iko umbali gani. Anataka kugawanya ploti.

Baba Shiko aliona waya. Aliona ngozi ya Njoki imeanikwa. Alingoja yule mtu aende kuongea na simu.

"Mama Shiko, hapa tumeshindwa. Tunauza, tunarudi nyumbani. Wiki ijayo tunaenda Kajiado, mbele ya bodi ya ardhi. Wewe ni kusema tu umekubali, bila mke hawapitishi."

"Sitasema."

"Utakula nini?"

"Sijui."

"Hata ng'ombe hauna!"

"Niko na ndama. Baba Shiko, wakati nainua ng'ombe na watu wa watu, ulikuwa wapi?"

Alitazama chini. Akasema kwa sauti ndogo kwamba aliogopa. Kwamba kila siku kule alisema kesho nitarudi. Nilimwamini. Ilinisaidia kidogo na haikubadilisha neno langu.

Yule mtu aliambiwa mke amekataa. Alicheka, akasema atangoja.

Alhamisi, 25 Septemba

Baba Shiko ameondoka tena, mara hii ameaga. Alisema atafanya kibarua cha kuchuma chai, mvua ikinyesha aje alime. Alimbusu Shiko kichwani. Mimi alinipa mkono kama mgeni. Sijui kama nimevunja nyumba au nimeishika. Unga umebaki wa chini ya debe.

Jumapili, 28 Septemba

Mama Naserian anahama na ng'ombe kuelekea Namanga. Wanasema huko kumenyesha kidogo. Wakwe wote wanaenda naye. Nitabaki na nani?

Alikuja asubuhi na vitoto vya mbuzi vilivyo vidogo sana kutembea safari hiyo, na mama zao wawili wenye maziwa. Akaviingiza kwa boma langu bila kuniuliza.

"Hawa watabaki na wewe. Maziwa, mpe mtoto na ndama kwanza. Mimi nikirudi tutahesabu waliobaki, wewe utachagua wako."

"Na wakifa?"

"Wakifa wamekufa kwa mtu wangu."

Akaniwekea mkono kichwani, kama wanavyosalimia watoto, akaenda.

Jumatatu, 29 Septemba

Kumetulia. Vumbi la mifugo yao limeshatua. Shiko amevipa vitoto vyote majina, mengine ya walimu wake. Nimekamua, nikagawa. Ndama amesimama mwenyewe kwenye kivuli cha ghala, akakojoa, akalala tena. Nimechemsha uji wa maziwa. Tumekula sisi wawili mlangoni, mbuzi mmoja akitafuna upindo wa leso yangu, nikamwacha.