Mshipi wa Baba Haukauki

Makomeno, Elisabethville

Kaka yangu Leonari,

Pokea heshima zangu kabla ya habari. Kifua cha mama kinaendeleaje? Je, bado anakalia mkeka wa ujane na kukataa kiti? Sisi huku tu wazima, ingawa baridi ya kiangazi cha huku inauma hadi mifupani.

Barua yako niliielewa vema. Mnataka niwaletee mshipi wa kuvulia alioniachia baba, muuzike badala ya mwili ambao ziwa limekataa kuurudisha, ili mama anyolewe na matanga yaishe. Nilikubali. Nikaenda dukani kwa Mgiriki kununua mshipi wa nailoni wa kuvulia hapa mtoni siku za Jumapili, maana huo wa baba, wa pamba, umechakaa na sasa unakuja kwenu.

Kwa kuwa si adabu kuzika chombo kibovu, niliutengeneza kwanza kama baba alivyotufundisha. Niliupitisha kati ya ukucha na kidole gumba nikitafuta palipolegea; palipooza nilipakata na kuunga kwa fundo lake. Kisha niliuosha na kuutandaza uani kati ya nguzo mbili. Wakati huu hewa ya huku ni kavu mno. Shati hukauka kabla hujaanika la pili.

Saa sita mchana mshipi ulikuwa ukidondosha maji.

Nilimuuliza mke wangu, Sesilia, kama ameumwagia maji.

“Miye siimwangie mayi, baba Antoni,” akajibu. “Nimeipanguza, inalowana tena. Onja. Haiko mayi ya bomba.”

Nikaonja. Kaka, ni maji ya ziwa, yale tuliyokuwa tukiyanywa utotoni.

Jirani yetu Kasongo, mtia makaa wa treni, alicheka kutoka upande wa pili wa ua: “Eh, mwalimu! Iko unavua samaki gani mu hii mavumbi?”

“Ile yenye kukauka tayari,” nikamjibu.

Siamini jambo nisilolipima. Nilitandaza nailoni kando yake: ikabaki kavu. Nikafungua upande mmoja wa mshipi wa baba, ukalala chini. Tulipokuwa tukiutazama sote watatu, ncha ile isiyofungwa iliinuka, mshipi ukakazika hewani, ukaelekea kwenu, upande wa ziwa. Hakuna aliyeishika.

Kasongo hakucheka tena. Alileta kisu. “Kata, mwalimu! Kata!”

Nilimzuia. Unakumbuka baba alivyosema: mshipi wenye uzito haukatwi, kwa kuwa anayeukata hajui ameacha nini chini. Ndipo ulipovutwa: mara mbili kwa ufupi, mara moja kwa urefu. Ishara hiyo unaijua kuliko mimi. Ndivyo baba alivyotuita kutoka mtumbwini tumsaidie kuvuta.

Sitoi sababu, kwa kuwa sina. Naeleza nilichokiona, na Sesilia ni shahidi.

Kwa hiyo siwezi kuukabidhi kwa posta. Nitaupandisha treni mimi mwenyewe. Nawasihi msichimbe, na mama asinyolewe. Najua ni kumwongezea mateso mkekani. Lakini afadhali angoje kuliko tumzike mtu anayeomba kuvutwa. Wewe uwe tayari ufukweni na mtumbwi.

Nisalimie mjomba wetu aliyetulea, dada yetu anayemlaza mama, na katekista. Mwambie asiisome barua hii kanisani.

Uniwie radhi kwa mwandiko huu mbaya. Naandika kwa mkono mmoja, kwa maana wa pili umeushika mshipi, nao bado unavutwa.

Mdogo wako,
Dominiko